Kuuza picha kwa mawakala wa mtandaoni ukiwa Afrika Mashariki: fomu ya ridhaa kwanza, kamera baadaye

Lenzi_ya_Tanga (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara namna ya kuuza picha kwa mawakala wa mtandaoni, na kwa kuwa majibu yangu yamekuwa vipande vipande, nimeona niyaweke mahali pamoja. Ninaishi Tanga, kazi yangu ya kila siku ni kupiga picha za harusi na mahafali, na biashara hii ya mawakala naifanya pembeni, sasa ni mwaka wa sita. Sitataja jumla ya nilichopata, kwa sababu hesabu ya mtu mmoja humpotosha mwingine. Itoshe kusema kwamba hailipi kodi ya nyumba, ila imeninunulia lenzi mbili.

Tuanze na kinachouzwa. Unapopakia picha kwa Shutterstock, Adobe Stock, iStock, Alamy au Dreamstime, hakimiliki inabaki mikononi mwako. Mteja ananunua leseni ya kuitumia, wakala anachukua fungu lake, na wewe unapata mgao unaoitwa mrabaha. Kwa hiyo picha moja inaweza kuuzwa mara mia na bado ikawa yako, na kama hujaingia mkataba wa kuwa wa wakala mmoja peke yake, unaruhusiwa kuiweka kwa mawakala wanne kwa wakati mmoja.

Bei zake zimekuwa ndogo kwa sababu za kihistoria. Kabla ya miaka ya 2000 picha za namna hii ziliuzwa na mashirika machache, na leseni moja iliweza kugharimu mamia ya dola. iStock ilianzishwa Canada mwaka 2000 kama mahali pa wapiga picha kubadilishana kazi zao bure, baadaye ikaanza kuuza kwa senti, na mwaka 2006 Getty Images, wakala mkubwa wa picha, ikainunua kwa dola milioni 50. Shutterstock ilianzishwa New York mwaka 2003 na Jon Oringer, ambaye bidhaa yake ya kwanza ilikuwa picha zake mwenyewe zipatazo 30,000, naye akaziuza kwa kifurushi cha mwezi. Adobe nayo ilikamilisha ununuzi wa Fotolia mwaka 2015, ndipo ikazaliwa Adobe Stock. Mteja mwenye kifurushi hulipia picha nyingi kwa mkupuo, na fungu linaloangukia picha moja moja linakuwa dogo mno.

Ni dogo kiasi gani? Tangu Juni 2020, Shutterstock hulipa kwa ngazi sita, kuanzia asilimia 15 hadi asilimia 40, na kila tarehe 1 Januari kila mtu hurudi ngazi ya kwanza. Picha iliyopakuliwa na mteja wa kifurushi inaweza kukupa senti 10 za Marekani. Kwa senti 10, unahitaji kupakuliwa mara 250 ili ufikishe dola 25. Adobe Stock hutoa asilimia 33 ya bei ya picha. Alamy, wakala wa Uingereza ambaye tangu 2020 ni mali ya PA Media Group, huuza picha chache lakini kwa bei ya juu zaidi: picha ikiuzwa kwa dola 30 na mgao wako ukawa asilimia 40, unaondoka na dola 12. Hesabu hizo mbili ziwekeni kichwani kabla hamjaamua picha gani iende wapi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi huu. Wengi wanaoanza huuliza wanunue kamera gani. Shutterstock na Adobe Stock wanapokea picha yenye kuanzia megapikseli 4, na simujanja nyingi za sasa zinavuka kiwango hicho, ilimradi mwanga uwe mzuri na picha isiwe na chengachenga. Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza ni hili: huyo mama aliyemo kwenye picha amesaini? Picha yenye sura ya mtu anayetambulika haiwezi kuuzwa kwa matumizi ya kibiashara, yaani matangazo, vifungashio, mabango na vipeperushi, bila fomu ya ridhaa yenye saini ya huyo mtu. Bila fomu hiyo picha inabaki kwenye kundi la matumizi ya kihabari, yaani kuelezea habari na matukio bila kutangaza bidhaa, nalo lina wateja wachache zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka Kariakoo, Ngamiani na Feri nikiwa na kamera nzuri, nikapiga picha ambazo mpaka leo nazipenda: wachuuzi wa samaki, mama lishe wakigeuza chapati, fundi cherehani barazani, kondakta wa daladala akining'inia mlangoni. Sikuwa na saini hata moja. Picha zote hizo ziliingia kundi la kihabari, na baadhi zilikataliwa hata huko kwa sababu maelezo hayakutaja mji, nchi na tarehe kama inavyotakiwa. Nikirudi leo kutafuta saini, nitamkuta wapi kondakta yule?

Siku hizi natoka na karatasi kabla ya kamera. Fomu za mawakala zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nimejiandalia tafsiri ya Kiswahili ambayo namsomea mtu taratibu, nikimweleza wazi kwamba picha yake inaweza kuonekana kwenye tangazo la benki, dawa au shule katika nchi asiyoijua, na kwamba sitakuwa na uwezo wa kuchagua ni tangazo lipi. Wapo wanaokataa hapo hapo. Nawaheshimu, naweka kamera begani, tunaongea mengine.

Kisa kimoja cha pembeni. Nilimpiga picha binamu yangu akiwa amejitanda kanga, fomu imesainiwa, mwanga wa saa kumi na moja jioni, kila kitu sawa. Mkaguzi wa wakala mmoja aliikataa kwa sababu eti jina la biashara linaonekana. Nikatazama upya nikagundua kwamba alichokiona ni jina la kanga, lile neno la katikati chini: «Mgeni njoo mwenyeji apone». Nilipakia tena na maelezo mafupi kwamba hayo ni maneno ya methali yanayoandikwa kwenye kila kanga. Ikapita. Lakini kabla ya kupakia mara ya pili nilichungulia pindo, nikaona yale maandishi madogo ya mtengenezaji, ambayo kweli ni alama ya biashara, nikayafuta. Kwa hiyo mkaguzi alikosea kwa jambo moja, nami nilikosea kwa jingine.

Kuhusu kinachonunuliwa: simba, machweo na Mlima Kilimanjaro vimejaa tele, na wageni wenye lenzi ndefu walitutangulia. Upungufu uko kwenye maisha ya kawaida: mwanafunzi wa kike kwenye maabara, bibi akipimwa shinikizo la damu kwenye zahanati, vijana wawili wakifanya hesabu za duka, familia ikila wali kwenye mkeka, fundi wa sola juu ya paa. Mashirika, magazeti na wachapishaji wa vitabu wanatafuta picha hizi, na mara nyingi wanachokuta ni picha iliyopigwa kwingineko ikaandikwa tu «Afrika». Ukiandika kwamba hili ni zao la mkonge, kwamba hapa ni Muheza, kwamba kile ni kinu na si ngoma, umempa mhariri kitu ambacho mgeni hawezi kumpa.

Maneno ya utafutaji lazima yaandikwe kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya wanunuzi wengi, lakini msiache majina yetu: kanga, daladala, ugali, bodaboda. Shutterstock inaruhusu maneno 50, Adobe Stock 49, na kwa Adobe yale kumi ya mwanzo ndiyo yenye uzito mkubwa, hivyo anzeni na linalobainisha picha kuliko yote. Msijaze nafasi kwa kujaza tu.

Karibuni kwa maswali.

Mwenye_Kisauni

Shukrani, ndugu yangu wa Tanga, kwa maelezo marefu yasiyo na ahadi za uongo. Niko Mombasa na nina miaka mitatu katika kazi hii. Naongeza upande wa malipo, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama.

Kwetu Kenya mambo ni mepesi kiasi, kwani tangu 2018 mtu anaweza kutoa pesa za PayPal hadi M-Pesa. Ndugu zetu wa Tanzania hawana wepesi huo, kwa sababu kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imeruhusu kulipa na si kupokea, na wengi wao hutumia Payoneer, huduma nyingine ya kupokea malipo mtandaoni, kisha pesa zikaingia benki. Kila wakala ana kiwango ambacho hakulipi kabla hujakifikia. Adobe Stock ni dola 25, Alamy dola 50, Dreamstime dola 100. Usitawanye picha zako 60 kwa mawakala saba, utakuwa na dola nne kila mahali na usiweze kutoa hata moja.

Kuna na kodi. Mawakala wa Marekani watakutaka ujaze fomu inayoitwa W-8BEN, ambayo ni tamko kwamba wewe si raia wala mkaazi wa huko. Kenya na Tanzania hazina mkataba na Marekani wa kuzuia kodi mara mbili, hivyo mauzo yanayotokana na wateja walioko Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30. Mauzo ya wateja wa nchi nyingine hayakatwi hivyo. Mtu asipolijua hili huona pesa zimepungua akadhani ameibiwa.

Ombi langu: tueleze msimamo wako kuhusu akili unde. Kuna haja ya kumtafuta fundi wa sola na saini yake, ilhali mteja anaweza kuandika sentensi moja na kompyuta ikamchorea?

Hesabu_Kali

Nimesoma kwa makini na nina pingamizi. Mwanzisha uzi ametuambia mwenyewe kwamba picha moja inaweza kulipa senti 10. Harusi moja ya Jumamosi inalipa siku hiyo hiyo, na mteja unamjua. Kumtafuta mtu, kumsomea fomu, kupiga, kusafisha picha, kuandika maneno 50 ya Kiingereza, kisha kumsubiri mkaguzi, halafu senti 10? Naomba anioneshe faida iko wapi, maana mimi naona muda unaopotea.

Lenzi_ya_Tanga

Ndugu Hesabu Kali, kwa hesabu ya siku moja uko sahihi kabisa, na mtu anayehitaji ada ya shule mwezi huu asiguse biashara hii. Mimi naihesabu kama mnazi: unapanda, unamwagilia, miaka inapita hujaona dafu, halafu unaendelea kuangua bila kupanda tena. Picha ya harusi nikishamkabidhi bwana harusi imekwisha. Picha ya shangazi yangu akichambua mchele niliipiga mwaka wa pili, na mwaka huu pia imepakuliwa. Mara nyingi sikuweka hata safari ya pekee. Nilikuwa pale kwa shughuli nyingine, na fomu ziko kwenye begi.

Mwenye Kisauni, swali lako la akili mnemba, kama tunavyoiita huku, ni zito zaidi. Mawakala wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2022 Getty Images ilipiga marufuku picha zilizotengenezwa na programu za akili mnemba, na mwaka 2023 ikaishtaki kampuni ya Stability AI huko London ikidai kwamba picha zake zilitumika kuifundisha mashine bila idhini. Adobe Stock inazipokea ilimradi zitambulishwe, na mwaka huo huo wa 2023 Adobe ikatoa Firefly, programu yake ya kutengeneza picha, iliyofundishwa pia kwa picha zilizomo kwenye hazina ya Adobe Stock, kisha ikawalipa wachangiaji bonasi. Shutterstock iliingia ubia na OpenAI, kampuni nyingine ya akili mnemba, na kuanzisha mfuko wa kuwagawia wapiga picha ambao kazi zao zilitumika. Januari 2025 Getty na Shutterstock walitangaza mpango wa kuungana. Mtu asiyeona kwamba upepo umebadilika hajatoka nje.

Maoni yangu ni kwamba picha za jumla zimekwisha kufa: mikono miwili ikisalimiana, kikombe cha kahawa kando ya kompyuta, machweo yasiyo na mahali. Mashine inazitengeneza bure. Lakini mwambie mashine ikuchoree mama lishe wa Tanga uone: jiko halijulikani ni la mkaa au la kuni, sufuria ina mikono mitatu, na kanga ina maandishi ambayo si lugha yoyote. Picha za kihabari nazo zinatakiwa ziwe za kweli, zenye mahali na tarehe, na mhariri anayejali jina la gazeti lake hawezi kuweka picha ya soko ambalo halipo. Kwa hiyo ninazidi kusogea kwenye mambo yenye jina na mahali.

Bi_Mwani

Assalaam alaykum, kaka zangu. Mimi ni wa Unguja, upande wa mashariki, na nina simu nzuri tu, sina kamera. Mama yangu na majirani zake wanalima mwani Jambiani na ningependa kuwapiga picha wakiwa kazini. Nina maswali matatu. Kwanza, nikiwapiga kwa mbali wakiwa wameinama, sura hazionekani, nahitaji fomu? Pili, ni haki niwalipe? Tatu, watoto huwafuata mama zao majini wakati maji yanapokupwa. Je, naruhusiwa kuwapiga?

Lenzi_ya_Tanga

Wa alaykumu ssalaam, dada. Kanuni ni kutambulika, na sura ni njia mojawapo tu ya kumtambua mtu. Wakiwa vivuli vidogo kwenye upeo wa bahari, wakaguzi wengi hawataidai fomu. Lakini kijiji ni kidogo, mama yako atatambulika kwa mwendo na kwa kanga yake, hata mgongo ukiwa umegeuka. Chukua fomu kwa wote, inakugharimu karatasi.

Kuhusu malipo, mawakala hawalazimishi. Mimi hutoa kitu papo hapo, na picha iliyochapishwa juu yake, kwa sababu sioni vizuri mtu auze sura yake milele kwa «ahsante». Nimeamua pia kutomwahidi mtu asilimia ya mauzo, kwani nitakuja kuonekana mwongo siku nitakapomletea senti tatu.

Watoto: mzazi au mlezi lazima asaini, na mwalimu si mzazi. Hili sasa ni suala la sheria za nchi zetu pia, mbali na kanuni za mawakala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Wenzetu wa Kenya wameshaona makali yake.

Mwenye_Kisauni

Nathibitisha. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data hapa kwetu iliitoza klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hao hawakuwa wapiga picha wa mawakala, lakini sheria haiulizi picha imepita mlango gani.

Hesabu_Kali

Bado sijashawishika kuhusu pesa, ila nina swali la haki. Nina picha nyingi za wachoraji wa Tingatinga wakiwa na michoro yao Dar es Salaam, na fomu zao wamesaini. Nizipakie?

Lenzi_ya_Tanga

Saini ya mchoraji kwenye fomu ya sura yake inahusu sura yake tu. Mchoro ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki ya aliyeuchora, na utahitaji fomu nyingine ya mali, isainiwe na mwenye mchoro huo. Ukutani nyuma yake mara nyingi kuna michoro ya watu wengine watano. Ama umpige mbele ya ukuta mtupu akiwa na mchoro wake mwenyewe, fomu mbili, ama uiuze kwa matumizi ya kihabari. Vivyo hivyo hifadhi za taifa: kupiga picha za kibiashara humo kunahitaji kibali na ada, na tiketi ya mtalii haitoshi.

Bi_Mwani

Kaka wa Tanga, nimerudi na habari. Leo asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilikwenda na fomu kumi na moja. Niliwasomea wote kwa pamoja wakiwa wamekaa mchangani, wakacheka sana niliposema huenda wakaonekana kwenye tangazo la sabuni Ulaya. Kumi wakasaini, wawili kati yao kwa dole gumba. Mmoja, rafiki mkubwa wa mama, akasema hapana, mumewe yuko safarini na hataki maneno. Nimepiga picha nyingi, na ile iliyo nzuri kuliko zote ina huyu bibi aliyekataa, yuko pembeni kushoto, uso nusu. Mama ananiambia hakuna atakayejua.

Lenzi_ya_Tanga

Dada, kwa wale wawili wa dole gumba, mtafute shahidi anayejua kusoma, aliyekuwepo ulipokuwa unawasomea, aandike jina lake na kusaini kwenye nafasi ya shahidi. Usisaini wewe mwenyewe mpiga picha.

Kuhusu picha yenye bibi aliyekataa, hata kundi la kihabari usiipeleke, kwa sababu umemuuliza na amejibu. Angalia kama unaweza kuikata upande wa kushoto ikabaki na megapikseli 4.

Bi_Mwani

Nimeikata. Imebaki na megapikseli tano na kitu, na kapu la mwani la yule bibi bado linaonekana ukingoni. Kapu nimeliacha. Kesho, maji yakikupwa tena, nampelekea picha yake peke yake, iliyochapishwa, aiweke kwake.